Kuvu Ndogo za Vijito na Vinamasi: Namna ya Kuzitafuta Kuanzia Kakamega hadi Nakuru

Anayesikia neno kuvu katika magharibi mwa Kenya huwaza kwanza uyoga unaochipuka vichuguuni mvua za masika zinapoanza, au ukungu unaoharibu mahindi yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka. Mwongozo huu unahusu kuvu za namna nyingine, ambazo huishi majini juu ya majani yaliyodondoka na kuzama, na ambazo hazina kofia wala shina la kuonekana kwa jicho. Mwili wake ni nyuzi nyembamba zinazopenya ndani ya jani, na kinachojitokeza nje ni spora tu, yaani chembe ndogo sana za uzazi. Hata hivyo spora hizo zina maumbo ya pekee, na maumbo hayo ndiyo yanayomwezesha mwalimu wa biolojia au mwanafunzi mwenye hadubini ya kawaida ya shule kutambua nyingi hadi kiwango cha jenasi, jambo ambalo ni gumu sana kwa kuvu nyingine ndogo.

Kazi ya kuvu hizi mtoni ni kubwa. Jani gumu linapoanguka majini, nyuzi za kuvu huvunjavunja kuta za seli zake, hulilainisha na kuliongezea protini, kiasi kwamba wadudu wa majini na kaa wa maji baridi hulipendelea kuliko jani lililoanguka jana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro, wamechunguza kuoza kwa majani katika Mto Njoro, na vijito vya eneo hilo ni mahali pazuri pa kujifunzia kwa mtu anayeishi upande wa Nakuru.

Mahali zinapoota

Kabla ya kubeba chupa na kuelekea mtoni, ni muhimu kufahamu kwamba kuna makundi mawili yasiyoishi mahali pamoja, na kwamba mbinu inayofaa kwa kundi moja itakupa kidogo sana kwa jingine. Wanaoanza kazi hii na kukata tamaa mara nyingi hutafuta kundi la maji yanayokimbia ndani ya dimbwi lililotuama.

Kundi la kwanza huishi katika maji yanayokimbia na yenye hewa ya kutosha. Mwanasayansi Mwingereza Cecil Terence Ingold alilieleza kwa upana mwaka 1942, baada ya kuchunguza majani yaliyokuwa yakioza katika kijito cha Leicestershire, na mwaka 1958 alichapisha maelezo ya kuvu hizo kutoka kwa jirani zetu wa Uganda. Spora nyingi za kundi hili zina mikono minne inayotawanyika pande zote, na nyingine ni ndefu, nyembamba, zilizopinda mithili ya herufi S. Mikono hiyo ina kazi yake: spora inayosukumwa na maji ikigusa jani, ncha za mikono mitatu hukaa juu ya jani kama mafiga, hivyo mkondo hauibingirishi tena kwa urahisi, na nyuzi mpya huanza kuchipuka kutoka kwenye ncha hizo zilizogusa. Mikono hiyohiyo hunaswa na viputo vya hewa, na ndiyo sababu povu la asili linalokusanyika nyuma ya jiwe au gogo huwa na spora nyingi kuliko maji yanayolizunguka.

Kundi la pili huishi katika maji yaliyotuama: madimbwi ya kando ya mafunjo, mitaro iliyojaa majani ya miti, na mabwawa ya samaki yasiyotunzwa. Chini ya maji hayo oksijeni ni haba, na tope likivurugwa hutoa harufu ya yai viza. Nyuzi za kuvu huvumilia hali hiyo kwa muda mrefu bila kutoa spora. Maji yanapopungua na jani kubaki wazi katika hewa yenye unyevu, ndipo kuvu huinua juu ya jani spora zilizosokotwa kwa mzunguko mithili ya springi, au zilizofumwa kuwa tufe dogo lenye uwazi ndani, ambazo hunasa hewa na kuelea maji yanaporudi. Mtaalamu Mholanzi Agathe van Beverwijk alizichunguza sana miaka ya 1950, na jenasi Beverwykella ilipewa jina kwa heshima yake.

Kwa kundi la kwanza, tafuta kijito chenye mambo manne kwa pamoja: miti ya kivuli kwenye kingo zote mbili, mawe yanayoyavunja maji, marundo ya majani yaliyonaswa kwenye mizizi, na maji yanayokuwezesha kuona chini. Karibu na Kisumu, vijito vinavyoteremka kutoka vilima vya Kajulu na kwenye mteremko wa Nandi vinafaa katika sehemu zake za juu, kabla ya kufika kwenye makazi na mashamba ya tambarare. Katika Msitu wa Kakamega, vijito vinavyoingia Isiukhu na Yala vina kivuli kizito na majani ya kila namna, na kwa maoni yangu hapo ndipo mahali bora zaidi pa kuanzia katika eneo zima. Upande wa Nakuru, panda Mto Njoro kuelekea Mau badala ya kushuka ziwani, kwa kuwa sehemu ya chini ya mto huo hukauka nyakati za kiangazi. Ziwa lenyewe lina maji ya magadi makali, na povu jeupe linalosukumwa na upepo ufukweni halifai kwa kazi hii.

Epuka mto wowote uliobadilika rangi kuwa ya udongo. Nyando ya chini wakati wa mafuriko hubeba tope jingi linalofunika majani na kuyanyima hewa, na spora chache zilizopo hufichwa na chembechembe za udongo chini ya hadubini. Epuka pia sehemu zilizo chini ya viwanda vya sukari, vituo vya kumenya kahawa, na mahali watu wanapofulia nguo au kuoshea magari.

Kwa kundi la pili huna haja ya kusafiri mbali. Kaya nyingi za magharibi zilichimba mabwawa ya samaki chini ya mpango wa serikali ulioanza mwaka 2009, na baadhi ya mabwawa hayo yaliachwa yakajaa majani ya miparachichi na mikuyu. Bwawa la namna hiyo, lenye maji ya kimo cha goti na majani meusi chini, ni hazina. Kinamasi cha Dunga, kusini mwa mji wa Kisumu, kina madimbwi mengi kati ya mafunjo na nchi kavu, ingawa ni vyema kuchagua yale yaliyo karibu na miti, kwa sababu majani mapana ni rahisi kuchunguza kuliko mabua ya mafunjo. Saiwa, karibu na Kitale, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa vinamasini, ina njia za mbao zinazopita juu ya kinamasi, lakini humo utaangalia na kupiga picha tu isipokuwa uwe na kibali.

Wakati wa kwenda

Mvua ndefu za Machi hadi Mei huondoa marundo ya majani na kuyasukuma mbali, kwa hiyo siku ya mafuriko si siku ya kazi. Subiri siku chache baada ya mvua kubwa, maji yanapoanza kuwa maangavu tena. Wakati mwingine mzuri ni mwishoni mwa kiangazi cha Januari na Februari katika vijito visivyokauka, kwa sababu miti mingi huwa imeangusha majani na maji machache huyaacha yakusanyike mahali pamoja. Kwa mabwawa, nenda maji yanapokuwa yamepungua.

Vifaa

Utahitaji chupa ndogo kadhaa zenye mdomo mpana, kijiko cha chuma, dropa, slaidi na vioo vya kufunikia, penseli, daftari, mkebe wenye kifuniko, magazeti ya zamani, na chupa ndogo ya spiriti ya kusafishia vidonda kutoka duka la dawa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki zinazotumiwa mara moja haziruhusiwi katika misitu na hifadhi zinazolindwa, kwa hiyo zoea kutumia mikebe na chupa za kioo. Rangi ya kupaka spora inaweza kuwa bluu ya methilini, ambayo maabara nyingi za shule huwa nayo. Wataalamu hutumia laktofenoli yenye rangi ya bluu, ambayo ni bora zaidi, lakini ina fenoli inayochoma ngozi na haifai kuachwa mikononi mwa wanafunzi.

Usisahau gambuti na glavu ndefu za mpira. Ukanda wa Ziwa Victoria una kichocho, na vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, hasa penye maji ya polepole yenye magugu. Vijito vya kasi vina hatari ndogo zaidi, lakini dimbwi la Dunga au bwawa la samaki lisiguswe kwa mkono mtupu. Ukilowa, jikaushe mara moja, na ukiwa umelowa mara kwa mara nenda ukapimwe kliniki. Ufukweni mwa ziwa kuna pia viboko, kwa hiyo tembea na mvuvi au mwongozaji wa hapo anayejua njia zao, wala usiende alfajiri au jioni peke yako.

Kukusanya povu

Hii ndiyo njia rahisi na yenye matunda zaidi kwa vijito. Tafuta povu lililokwama nyuma ya jiwe, chini ya maporomoko madogo, au mbele ya gogo lililolala kukatiza maji. Povu la asili huwa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo, hunukia udongo na majani, na hudumu kwa muda mrefu likizunguka mahali pamoja. Povu la sabuni ni jeupe sana, hung'aa rangi za upinde wa mvua juani, na mara nyingi hunukia manukato. Ukipata shaka, tembea kuelekea chanzo cha mto mita mia chache uone kama kuna mahali pa kufulia.

Chota povu kwa kijiko kutoka juu, bila kuingiza mchanga wala majani, ulitie katika chupa hadi lijae. Povu litapungua na kubaki maji kidogo ya kahawia chini ya chupa. Usidhani umepoteza kitu, kwa maana spora ziko humo. Kuanzia hapo una muda mfupi. Spora hizi huanza kuota baada ya saa chache tu zikiwa ndani ya chupa yenye joto, na spora iliyotoa nyuzi kutoka kila mkono haiwezi kutambuliwa kwa uhakika. Ndiyo maana napendekeza kufanya mambo mawili papo hapo, ukingoni mwa mto. Kwanza, dondosha matone mawili au matatu juu ya slaidi safi, iandike namba kwa penseli kwenye kipande cha karatasi kilichogundishwa pembeni, kisha iache ikauke kivulini ndani ya mkebe ulio wazi kidogo. Pili, ongeza spiriti katika chupa iliyobaki, kiasi kinachokaribia mara mbili ya maji yaliyomo, ili kuua spora kabla hazijaota. Sampuli iliyohifadhiwa kwa spiriti itavumilia majuma kadhaa, lakini zile slaidi zilizokauka ndizo nitakazotegemea zaidi, kwa kuwa ni rahisi kubeba na hazimwagiki kwenye matatu.

Katika daftari andika tarehe, saa, jina la mto na la mahali panapojulikana na wenyeji, kimo kutoka usawa wa bahari kama simu yako inakionyesha, hali ya maji, na miti iliyo kwenye kingo. Orodha ya miti wengi huiruka, nami naiona kuwa muhimu kuliko joto la maji, kwa sababu majani ndiyo shamba la kuvu hizi. Mkaratusi una majani yenye nta na mafuta yanayochelewesha kuvu, na kijito kilichozungukwa na mikaratusi pekee mara nyingi hutoa povu lenye spora chache kuliko kile chenye mikuyu na mizambarau ya mwituni.

Kutumia majani yenyewe

Povu hukuambia ni kuvu zipi zinaishi mahali fulani kuelekea chanzo cha mto. Jani hukuambia kuvu ipi inaishi juu ya nini. Chagua majani ya kahawia iliyoiva, laini yanapoguswa, yaliyoanza kutoboka lakini bado yana umbo. Jani bichi halijavamiwa vya kutosha, na jani jeusi linaloteleza limekwisha kupita wakati wake. Yasuuze kwa maji ya kijito hichohicho, yapange kati ya kurasa za gazeti lililolowa, na uyafunge ndani ya mkebe.

Ukifika nyumbani au maabara, kata vipande vya upana wa sentimita moja, vitie katika sahani ya petri au kisahani cheupe chenye maji ya mvua yasiyozidi nusu sentimita kimo, kisha uviache kwa siku moja hadi mbili. Usitumie maji ya mfereji yenye klorini. Ukiwa na pampu ndogo ya hewa ya tangi la samaki, weka vipande ndani ya glasi na upitishe viputo polepole, kwa kuwa mwendo wa maji huzichochea kuvu kutoa spora na mavuno huongezeka sana. Joto la mchana la Kisumu halizidhuru kuvu zinazopenda maji ya uvuguvugu, lakini sahani isiwekwe juani wala juu ya bati. Sakafu ya saruji chini ya meza inatosha. Kisha tazama kingo za kipande cha jani kwa nguvu ndogo ya hadubini, utaziona spora zikiwa bado zimesimama juu ya vikonyo vyake, na hapo ndipo utajua zinavyotengenezwa, habari ambayo povu haiwezi kukupa.

Majani ya maji yaliyotuama

Kwa majani ya bwawa au kinamasi utaratibu hugeuzwa, kwa sababu hapa unataka jani litoke majini. Chota majani meusi ya chini kwa kichujio chenye mpini mrefu, yasuuze mpaka tope liondoke, halafu yalaze juu ya karatasi nyeupe ya msalani iliyolowa ndani ya kisahani chenye kifuniko. Yasielee katika maji wala yasikauke. Ukiona matone madogo ndani ya kifuniko, unyevu unatosha. Acha kisahani mahali penye mwanga hafifu kwa juma moja hadi matatu, ukifungua kila baada ya siku chache kuangalia kwa lenzi ya mkono.

Kinachotafutwa ni nukta ndogo zinazong'aa juu ya jani, nyeupe, kijivu au nyeusi, zilizoinuka kama vumbi lisilofutika. Zing'oe chache kwa ncha ya sindano, zitie juu ya tone la maji, na utaona zinaelea na kukataa kulowa, dalili nzuri kwamba zimenasa hewa. Chini ya hadubini, Helicodendron na Helicoon huonekana kama nyuzi zilizosokotwa kwa mzunguko, na Clathrosphaerina kama tufe lenye matundu. Hewa iliyomo hufanya kitu kizima kionekane cheusi. Tone la spiriti likiongezwa kabla ya maji huitoa hewa na kuyafichua maumbo. Ukungu wa kawaida wa kijani au wa kijivu wenye manyoya utatokea pia, hasa kama majani yalikuwa na matunda yaliyooza, na kipande chenye ukungu huo kitupwe mapema kabla haujaenea.

Chini ya hadubini

Juu ya slaidi iliyokauka, weka tone la bluu ya methilini iliyozimuliwa, subiri dakika chache, kisha funika kwa kioo. Anza na lenzi ya chini ya mara 10 pamoja na lenzi ya jicho ya mara 10, yaani ukuzaji wa mara 100, na upitie slaidi nzima mstari kwa mstari kutoka pembe moja. Punguza mwanga kwa kufunga kiwambo, kwa kuwa spora hizi ni angavu na mwanga mwingi huzifuta machoni. Ukipata kitu chenye mikono, ongeza ukuzaji hadi mara 400.

Kupima ukubwa hakuhitaji kifaa maalumu. Weka rula angavu chini ya lenzi ya mara 4 na usome upana wa duara unaloliona. Ikiwa ni milimita 4.5, yaani mikroni 4,500, basi kwa lenzi ya mara 10 upana huo ni mikroni 1,800, na kwa lenzi ya mara 40 ni mikroni 450. Kadiria spora inachukua sehemu gani ya duara, nawe umepata kipimo kinachotosha. Spora nyingi zenye mikono minne hufikia mikroni 50 hadi 100 au zaidi kutoka ncha hadi ncha, huku unene wa mkono mmoja ukiwa mikroni chache tu.

Lemonniera aquatica ina mikono minne iliyonyooka inayotoka katika nukta moja ya katikati. Clavariopsis aquatica ina kiwiliwili kinachopanuka kuelekea juu, na kutoka kwenye upana huo huchomoza mikono mitatu myembamba. Tetracladium marchalianum hutambulikana kwa vifundo viwili vya mviringo vilivyo kati ya mikono yake. Anguillospora longissima haina mikono. Ni uzi mrefu uliopinda, unaopita mikroni 150. Hata hivyo zinazopaswa kutarajiwa zaidi katika maji ya uvuguvugu ya ukanda wetu ni Triscelophorus monosporus, yenye mhimili mmoja na mikono mitatu inayotoka karibu na kitako. Lunulospora curvula, iliyopinda kama mwezi mwandamo na yenye kovu dogo katikati ya mpindo badala ya mwishoni. Na Campylospora chaetocladia, yenye kiwiliwili kidogo cha pembe tatu na mikono myembamba inayochomoza kutoka pembeni mwake. Nchini Uingereza Lunulospora huonekana zaidi maji yanapokuwa yamepata joto, ilhali katika nchi za joto kuvu hizi tatu ni za kawaida.

Zaidi ya majina, jifunze mapema vitu vinavyofanana na spora, kwa maana ndivyo vitakavyokupotosha. Kinachodanganya kuliko vyote ni vinyweleo vya majani vyenye umbo la nyota. Miti ya jenasi Croton, ambayo imejaa katika Msitu wa Kakamega na mashambani, na mimea mingi ya jamii ya ndulele, ina vinyweleo hivyo vingi upande wa chini wa majani, navyo hudondoka majini na kunaswa na povu pamoja na spora. Kinyweleo huwa na kuta nene, ncha kali, na mara nyingi mikono zaidi ya minne inayong'aa mithili ya kioo. Spora ina kuta nyembamba, hupokea rangi ya bluu ndani yake, na ukiangalia kwa makini utaona kuta ndogo zinazougawanya mkono. Kabla ya siku ya kwanza ya mtoni, kwangua jani kavu la Croton juu ya slaidi na ulitazame kwa muda. Zoezi hilo dogo huokoa saa nyingi za kubahatisha.

Mwani wenye mikono hutambulikana kwa rangi yake ya kijani au kwa ulinganifu wa nusu zake mbili. Chavua ya misonobari ina vifuko viwili vya hewa pembeni, na chavua nyingine nyingi ni za mviringo zenye ukuta mnene.

Ruhusa na kumbukumbu

Kutazama na kupiga picha nje ya hifadhi hakuhitaji zaidi ya adabu: mwenye shamba aulizwe, na huko Dunga kamati ya usimamizi wa ufuo iarifiwe. Mzee akikukuta umeinama juu ya kijito na kukuuliza unatafuta nini, mwonyeshe povu ndani ya chupa na umweleze kwamba unachunguza vijidudu vinavyoozesha majani. Atakujibu mara nyingi kwa kukuonyesha chemchemi ambayo hukuijua. Chemchemi inayotekwa maji ya kunywa usiiguse, chukua sampuli chini yake.

Ndani ya hifadhi mambo ni tofauti. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, Saiwa na sehemu ya kaskazini ya Msitu wa Kakamega ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na sehemu nyingine za msitu huo ziko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, na kila moja lina utaratibu wake wa vibali. Anayefanya utafiti rasmi anahitaji pia leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI. Kupeleka sampuli au kuvu iliyokuzwa nje ya nchi kunaongozwa na kanuni za mwaka 2006 kuhusu rasilimali za kijenetiki, zinazosimamiwa na mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, na si jambo la kufanya kwa bahasha ya posta.

Slaidi iliyo nzuri ihifadhiwe kwa kupaka rangi ya kucha isiyo na rangi kuzunguka kingo zote za kioo cha kufunikia, tabaka mbili, la pili baada ya la kwanza kukauka. Iandike namba inayolingana na daftari, ilale bapa katika sanduku, na uchore kila umbo ulilopima, hata kama umelipiga picha, kwa sababu picha ya simu iliyopigwa kupitia lenzi ya jicho huonyesha wazi mikono miwili tu na kuificha mingine iliyo nje ya kina ambacho lenzi huonyesha vizuri. Spora usiyoweza kuipa jina iandikwe hivyo tu, pamoja na vipimo vyake, namba ya mikono, mahali inapotokea mikono hiyo kwenye mhimili, na jani ambalo ilikutwa juu yake.